Kifuniko cha Adoch

Olal alishuka kwenye boda pale Nakivubo, mbele ya jumba la mafundi wa kompyuta, akiwa amepakata kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Mwenye boda alinyoosha mkono amsaidie. Hakumpa. Aliibeba mwenyewe, akapenya nayo katikati ya watu, kifua mbele, ule mwendo wa askari mstaafu ambao magoti yamekwisha kuukataa lakini mgongo bado unaukumbuka.

Mafundi wa jumba lile walikuwa wamemzoea.

"Mgonjwa amerudi," mmoja akasema.

"Afande, hiyo mashini iko mzee sana," mwingine akadakia. "Ipe talaka, oa ingine."

Wakacheka. Kisha mmoja aliyejua habari zake akamkanyaga mwenzake mguu, na kicheko kikakatika. Olal hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya ngazi, kwenye meza ya Aristide, akaitua kompyuta polepole, akabaki amesimama.

Aristide alikuwa Mkongo wa Butembo, mtu mnene wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliitazama kompyuta, akamtazama Olal.

"Papa, imezimika tena?"

"Imezimika."

"Mwanzo ao katikati?"

"Katikati. Palepale."

Aristide akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

Kompyuta ile ilikuwa ya Adoch, mke wa Olal. Watu wa Mbuya, hasa wa upande wa kambi, walimjua Adoch kwa sindano. Alikuwa na mashini ya kudarizi aliyoinunua kuukuu, akaiweka barazani, na kwa mashini hiyo alitoa beji za mashule, majina ya askari ya kushonwa kifuani, maua ya gomesi, yale magauni ya harusi. Lakini mashini yenyewe ilikuwa mikono tu. Kompyuta ndiyo iliyoiambia sindano iende wapi. Na kompyuta ilijua kwa sababu Adoch aliifundisha. Kila beji aliichora mwenyewe kwenye kioo, mshono kwa mshono, mwaka baada ya mwaka, na michoro yote ilikaa ndani, kwenye diski.

Olal hakujua kusoma. Jeshini aliendesha malori. Alipostaafu akawa mlinzi wa geti huko Bugolobi. Alitoka jua halijachomoza, akarudi jioni na kumkuta mkewe amekwisha kufunga kazi: chakula kimefunikwa, kompyuta imefunikwa, nyuzi ziko mahali pake. Wakala, wakalala. Hawakuwa watu wa maneno mengi.

Ugonjwa ulipomlaza Adoch, jioni alimwita Olal akamkalisha kwenye kiti chake cha kazi.

"Bonyeza hii picha. Ngoja. Sasa bonyeza hapa. Ngoja tena. Hapa si kwa lori, usiendeshe kwa hasira."

Akamfundisha nyuzi, akamfundisha kubadilisha sindano. Maandishi hakumfundisha. Muda haukutosha. Olal akazijua beji kwa sura zao: ile ya simba, ile ya kitabu na mwenge, ile ya msalaba na mto. Walipokwisha kumzika huko kwao Pader, alirudi Mbuya, akaacha geti, akakaa kwenye kile kiti. Beji zikaendelea kutoka. Walimu waliokuja kuzichukua hawakuona tofauti, maana tofauti haikuwapo. Kila mshono ulikuwa wa Adoch. Olal aliupapasa kwa kidole gumba kabla ya kukata nyuzi, kila mara, na hakumwambia mtu.

Halafu diski ikaanza kulia. Kriti, kriti, kama panya ndani ya gunia la mahindi. Picha zikawa zinachelewa kufunguka. Siku moja ile ya simba ilikataa kabisa mpaka alipozima na kuwasha upya.

Ndipo alipomjia Aristide mara ya kwanza.

"Diski inakufa, Papa. Iko na pumzi kidogo. Tuweke mpya, tuhamishe kila kitu vile kiko. Hii programu ya kudarizi, nani aliiweka?"

"Muhindi mmoja. Alirudi kwao."

"Njo vile. Basi hatuwezi kuiweka upya. Tutahama na nyumba nzima, hata na vitanda."

Olal akauliza neno moja tu. "Michoro ya mama itapona?"

"Tukiwahi."

Ilionekana kazi ya asubuhi moja. Haikuwa. Diski mpya ilifungwa kando ya ile ya zamani, kompyuta ikawashwa, na kompyuta ikasema haioni kitu. Aristide akabadilisha waya. Haikuona. Akahamisha waya kwenye tundu jingine. Haikuona. Akaingiza diski ileile kwenye kompyuta nyingine mezani, ikaonekana mara moja. Akakaa akijikuna kidevu, kisha akatafuta kwenye kopo la vikorokoro kijiti cha plastiki, kidogo kuliko jino la mtoto, akakichomeka nyuma ya diski mpya.

"Hii mpya inasema mbio, na huyu mzee hasikii maneno ya mbio," akaeleza. "Hiki kijiti kinaiambia iseme polepole."

Ikaonekana. Olal akashusha pumzi. Kisha wakazima kidogo, wakawasha, na kompyuta ikawa imesahau yote waliyoipanga, hata saa. Betri ndogo ya ubaoni, bapa kama sarafu, ilikuwa imekufa zamani. Ikabadilishwa. Na walipoanza kuhamisha, umeme wa jumba zima ukakatika, puu, watu wakapiga mbinja kila ghorofa.

"Hapa hatuwezi," Aristide akasema. "Umeme unakwenda unarudi, na jioni mlinzi anazima swichi kubwa. Hii kazi inataka siku nzima, kwa sababu hiyo diski inasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikikatika tunaanza upya, na kila tukianza upya tunaiumiza. Kwenu Mbuya umeme iko aje?"

"Iko sawa."

"Basi peleka nyumbani. Nimeacha kila kitu tayari. Utabonyeza hapa. Halafu usiguse."

Olal alibonyeza. Hakugusa. Alikaa kwenye kiti cha Adoch akautazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, na ulipofika katikati, kompyuta ikazima. Si umeme, taa ya ukutani ilikuwa inawaka. Yenyewe tu, kama mtu aliyesimama gwaride juani akaanguka.

Akairudisha Nakivubo. Aristide akaiwasha, ikawaka, ikatembea. Akabadilisha kisanduku cha ndani cha umeme, akasema labda kile cha zamani kimechoka. Nyumbani ikazima katikati. Akairudisha. Aristide akachomoa kadi za ramu, akazisugua meno kwa raba ya mwanafunzi, akampa na stabilaiza ya kuazima, ya kutuliza umeme. Nyumbani ikazima katikati. Na kila ilipozima, ile kriti kriti ilizidi. Sasa Olal aliisikia hata akiwa nje anafua.

Hivyo ndivyo alivyofika tena chini ya ngazi siku ile ya talaka na vicheko.

Aristide aliifungua tena ubavuni, akaiwasha, wakaitazama pamoja. Ilitembea vizuri, matumbo nje, kana kwamba haijawahi kuugua.

"Hapa inatembea. Kwako inakufa. Papa, nyumbani mwako kuna nini?"

Jibu lilimjia Olal, lakini hakulitoa. Nyumbani mwake hamkuwa na kitu. Alianza kudhani kompyuta nayo imejua kwamba Adoch hayupo.

"Fundi," akasema, "kama haiwezi, niambie haiwezi."

"Sijui. Hiyo ndiyo kweli. Jumapili nikitoka misa nitakuja kwako niione kwa macho."

Jumapili hiyo Olal hakuweza kula. Alifagia chumba, akafagia baraza, akaanza kupiga pasi kifuniko cha kompyuta.

Kifuniko hicho Adoch alikishona mwisho, badala ya kile cha zamani, kabla hajalala moja kwa moja. Kilikuwa cha kitambaa kizito cha kaki, ndani amekitia bitana, chenye kamba za kufungia chini, kwa ajili ya vumbi jekundu la njia ya kambini. Juu yake alidarizi kware wanaodonoa mtama, kundi zima, mmoja ameinua kichwa kana kwamba amesikia mtu. Hakuna aliyemwagiza kware. Olal hakuthubutu kukipeleka mjini. Kompyuta ilipokwenda kwa fundi, kifuniko kilibaki nyumbani, kikafuliwa, kikapigwa pasi, kikangoja.

Zuleika aliingia na birika la chai. Alikuwa Mnubi, mjane wa sajini, na baraza lake liligusana na la Olal. Yeye na Adoch walikuwa wakizungumza ukuta kwa ukuta kutwa nzima, mmoja anasuka kuta, zile sinia za ukindu, mwingine anadarizi.

"Baba Ajok," akamwambia Olal kwa jina la mtoto wake, "hicho kitambaa utakipiga pasi mpaka kiwe karatasi."

"Mgeni anakuja."

"Mgeni anakuja kuona kompyuta, hakuja kukagua kikosi. Kunywa chai."

Hakunywa. Aristide akafika na shati la kanisani na mfuko wa vifaa. Akapokea chai, akatazama tundu la umeme, akapima kwa kidude chake, akatikisa kichwa. Umeme ulikuwa mzuri.

"Fanya vile unafanyaga," akasema. "Kama mimi siko."

Olal akaifungia kompyuta ubavu wake, akaiwasha, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ndipo akachukua kifuniko kwa mikono miwili, akalivika sanduku la kompyuta, akakunja kona kama za kitanda cha kambini, akavuta mpaka pakanyooka, akafunga kamba chini. Akarudi nyuma hatua moja kukitazama kama kimekaa sawa.

Aristide akaweka kikombe chini.

"Papa. Hiyo inakaa hapo mpaka mwisho?"

"Siku zote."

"Siku zote?" Zuleika akasema. "Nani alikwambia siku zote? Adoch asubuhi alikuwa anaifunua kwanza. Anakitundika pale," akaonyesha msumari kando ya mlango. "Jioni akizima, ikipoa, ndiyo anaifunika. Wewe ulikuwa unarudi jioni, Baba Ajok. Umeiona jioni tu."

Olal aliutazama msumari. Bereti yake ya zamani ilikuwa inaning'inia pale. Alikuwa ameitundika baada ya mazishi, kwa kuwa aliona msumari uko bure.

Aristide alipenyeza mkono chini ya kitambaa, akautoa upesi.

"Sanduku linapumulia huku nyuma," akasema taratibu. "Diski mbili zikifanya kazi pamoja zinachemka sana, na ikizidi, mashini inajizima yenyewe isiungue. Kule kwangu iko wazi, njo maana inatembea."

Olal alisimama pale. Nje mtoto alikuwa anaburuta bati.

"Nimekuwa nikifanyia kazi imefunikwa," akasema. "Tangu tulipomzika. Kila siku. Ndiyo imeua diski?"

"Ilikuwa mzee, Papa."

"Nimekuuliza."

Aristide akatazama sakafu. "Joto halikuisaidia."

Olal akainama kufungua kamba. Mafundo yalikuwa yake mwenyewe, mafundo ya kufungia turubai la lori, na vidole havikuyaweza. Akavuta. Kamba moja ikakatika na kipande cha kitambaa. Akakivua kifuniko, akakitupa pembeni kwenye vumbi la nyuzi. Zuleika aliinuka akiokote, Olal akamwambia, "Wacha hapo." Akakiacha.

Diski ililia. Haikuwa tena kriti kriti ya panya. Ilikuwa inagonga.

"Zima," Aristide akasema, na yeye mwenyewe akazima. Akafungua ubavu, wakangoja ipoe. Zuleika alikwenda kwake akarudi na kipepeo cha ukindu cha kupepea jiko, akasimama juu ya kompyuta akipepea kama anayefukuza nzi kwa mgonjwa.

"Sikia, Papa. Siku nzima haina tena. Nyumba nzima hatuhami. Tutoe michoro peke yake. Programu nitatafuta kwa njia ingine. Lakini niambie tuanze na ipi. Ikifa katikati, utabaki na kile tulichotoa."

Akawasha. Kioo kikachelewa, kikaja. Aristide akasoma majina ambayo Olal alikuwa akiyaona kila siku bila kuyajua.

"Mashule. Kanisa. Jeshi. Harusi. Na hii ya mwisho ameandika Zangu."

"Zangu ni nini?"

Aristide akaifungua. Picha zikaanza kujitokeza moja moja kwa shida. Wale kware. Ghala la nafaka lenye paa la nyasi, kama yale ya kwao Pader. Mwanamke mwenye mtungi, amegeuza mgongo. Mwanamume ameketi kwenye kiti cha geti, bereti kichwani, amesinzia. Zilizobaki zilikataa kufunguka.

Zuleika akaacha kupepea. "Huyo ni wewe."

Olal aliitazama ile picha. Adoch hakuwahi kufika Bugolobi, kwa alivyojua yeye.

"Tuanze na ipi, Papa? Haraka."

"Mashule," Olal akasema. "Tuliwaahidi. Halafu zingine. Zake mwisho. Angesema hivyo."

Aristide akabonyeza. Mstari mpya ukaanza kutambaa. Zuleika aliendelea kupepea, kisha akasema bila kumtazama:

"Adoch miaka yote alijipakulia mwisho. Watoto, wageni, wewe, ndiyo yeye. Hata leo unampakulia mwisho, Baba Ajok?"

Alisema polepole, kama mtu anayejisemea, lakini Olal alishika ukingo wa meza.

"Fundi. Simamisha. Weka zake kwanza."

"Papa, nikiikatiza sasa inaweza isirudi kabisa."

"Basi?"

"Basi tungoje."

Wakangoja. Olal akamnyang'anya Zuleika kipepeo, akapepea mwenyewe, jasho likimtiririka kwenye kola. Mashule yakaisha. Simba akapita, mwenge ukapita, msalaba na mto. Kanisa likapita. Jeshi likakwama, diski ikagonga, ikagonga, kisha likapita. Olal alikuwa anasema kitu kwa Kiacholi, chini chini, na hawakumwuliza. Harusi ikapita na maua yake yote.

"Zangu," Aristide akasema, akabonyeza.

Mstari ulitokea. Mfupi, kama ukucha. Diski ikagonga mara moja, ikalia tiii, ikanyamaza.

Aristide akazima, akawasha. Akabadilisha waya. Akaipoza, akaipindua, akaishika sikioni kama anayesikiliza simu. Akajaribu mpaka chai yake ikafanya utando. Olal aliendelea kupepea sanduku lililokwisha kupoa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Mwishowe yeye mwenyewe akasema, "Wacha."

"Papa, kuna watu Nairobi wanafungua hizi diski..."

"Wacha, fundi. Umefanya."

Aristide akaketi. Olal akaenda pembeni, akaokota kifuniko, akakipiga viganja kuondoa vumbi. Kona moja ilikuwa imechanika palipokuwa na kamba. Kware walikuwepo wote. Akakisogeza karibu na kioo.

"Hiki kinaweza kurudi ndani?"

Fundi alielewa anachouliza. Akakishika, akageuza upande wa nyuma, akafuata nyuzi kwa kidole.

"Mtu anaweza kupiga picha, achore tena juu yake, mshono kwa mshono. Watafanana. Lakini atakuwa amechora yule mtu, si mama."

"Na ile ya mwanamume kwa kiti?"

Aristide akamrudishia kifuniko.

"Basi," Olal akasema.

Wiki ile Aristide alipata programu nyingine, akaiweka kwenye diski mpya, akamwonyesha Olal mahali pa kubonyeza. Kompyuta ikawa nyepesi, haikulia tena, na beji ya simba ilifunguka kabla hajaondoa kidole. Shule ikapata beji zake. Mtoto wao Ajok alipiga simu kutoka Gulu kumwuliza baba yake kama kompyuta imepona. Akasema imepona.

Bereti ameiondoa kwenye msumari. Asubuhi anafunua sanduku, anakitundika kifuniko pale, kware wakitazama chumba. Kisha anakaa, anabonyeza, anangoja. Lakini beji mbili tatu zikitoka, huinuka kwenye kiti, huenda nyuma ya sanduku, na huweka kiganja pale linapopumulia. Hukiacha muda mrefu kuliko inavyohitajika. Zuleika humwona kutoka barazani kwake, naye huendelea kusuka.